Vichwa Tisa

Fundi alizungusha tepu kiunoni mwa dada yake, akasoma, akaiachia, akazungusha tena. Mara ya tatu aliitandaza juu ya meza ya kukatia na kuilinganisha na rula ya bati, maana tepu za siku hizi huvutika ukiziangalia vibaya. Haikuwa imevutika.

"Ishirini na nne na nusu," alisema.

"Mara ya mwisho ilikuwa ngapi?" mkewe aliuliza bila kuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ubao wa kuchorea magotini, anamalizia picha ya suti ya mteja.

"Ishirini na saba. Kabla ya hapo thelathini na moja. Gauni hili nimelifumua mara tatu. Nikizidi kulibana, mshono wa kulia utaupa mkono mshono wa kushoto."

"Ni harusi hiyo. Bibi harusi gani hapungui?"

Dada mtu, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, alikuwa amesimama juu ya sanduku la mbao, ndani ya satini nyeupe iliyojaa pini. Miezi mitatu nyuma, wenzake wa duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa keshia walikuwa wakimwita Bonge, naye aliitika. Sasa alijitazama kwenye kioo kirefu cha karakana bila kutabasamu.

"Bado siyo kama la pichani," alisema.

"Ndilo hilo hilo," Fundi alijibu. "Kola ile ile, mikono ile ile, kitambaa kile kile ulichokichagua mwenyewe."

"Pichani linateremka. Hapa linakomea."

"Linakomea kwa sababu miguu yako imekomea, mama. Mimi nashona nguo, sishoni miguu."

Fundi alicheka, mkewe akacheka, na Kitinda naye akacheka. Kisha akaomba kukaa kidogo. Kabla hajapewa mkono wa kushukia alikunjika pale pale alipokuwa, polepole na bila kelele, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye hanga.

Walimlaza sakafuni. Pini zilikuwa zimemwingia mbavuni na pajani, na madoa madogo mekundu yakaanza kujitokeza kwenye satini, moja baada ya jingine. Mama mmoja aliyekuja kuchukua suruali ya mumewe alichungulia juu ya bega la Fundi.

"Mimba hiyo," alisema. "Mimi nimezaa watano, siwezi kudanganywa."

Alisema kwa upole tu, lakini mlango wa karakana uko barabarani, na tayari watu wanne walikuwa wamesimama pale. Mama yao Fundi na Kitinda, aliyekuja mbio kutoka uani mikono ikiwa na povu la sabuni, alilisikia neno hilo kabla hajamwona mwanawe.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Alisikiliza moyo wa Kitinda kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia, akaagiza damu ipimwe, kisha akawaita Fundi, mkewe na mama kwenye chumba chenye viti viwili. Fundi alibaki amesimama.

"Asubuhi anakula nini?" daktari aliuliza.

"Asubuhi anawahi kazini," mama alijibu. "Anakunywa chai huko huko."

"Na mchana?"

"Mchana si yuko dukani?" Fundi alisema. "Wanachangishana na wenzake."

"Na jioni?"

"Jioni akirudi husema ameshiba cha kazini," mke wa Fundi alisema, na kabla hajamaliza sentensi akasikia masikio yake yanapata moto.

Daktari hakuandika kitu. Aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo kati yenu, ni nani aliyemwona akitafuna kitu mwezi huu? Kwa macho yake?"

Nje, mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Walilisikiliza gurudumu lile likipita korido nzima hadi mwisho.

"Daktari," mama alisema, "sisi siyo matajiri, lakini kwangu hakuna njaa. Sufuria yangu haijawahi kukaa siku bila moto."

"Sijasema hakuna chakula, mama. Nimesema hajala. Moyo wake unapiga kama wa mtu aliye kwenye usingizi mzito, na yuko macho anaongea. Chumvi za mwilini zimeshuka hadi pabaya. Mngekawia siku tatu, mngekuja hapa kuuliza taratibu za kuchukua mwili."

Mama aliangalia mikono yake. Povu lilikuwa limekaukia kwenye vidole na kuacha utando mweupe.

Adhuhuri ilipofika shangazi wa bwana harusi alikuwa amekwisha kupata habari, kwa maana habari ya mtu kuanguka haitembei, hukimbia. Alikuja na mkoba wake mkubwa, akawakuta kwenye benchi la korido.

"Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu," alisema. "Tuambieni tu. Mtoto ni wa kwetu au siyo wa kwetu?"

"Hakuna mtoto," mama alisema, akampa karatasi ya maabara.

Shangazi aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza. "Basi ana nini?"

"Njaa," mama alisema.

Neno lilimtoka kama jino. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia viatu kwenda juu, kama mtu anayetafuta mahali umaskini wenyewe ulipojificha. Kisha akakunja karatasi ile na kuirudisha kwa ncha za vidole. Bwana harusi mwenyewe, kijana fundi umeme, alifika saa moja baadaye na vumbi la ukuta kichwani. Alisimama mlangoni mwa wodi, akamwona mchumba wake aliyefungwa mpira wa dripu, na hakuingia. "Mimi sikumwambia apungue," aliuambia ukuta. "Nilimpenda hivyo hivyo alivyokuwa."

*

Mke wa Fundi ndiye aliyetumwa nyumbani kuchukua nguo za kulalia. Alifungua kabati la Kitinda, na upande wa ndani wa mlango akaiona picha aliyoichora yeye.

Aliijua kila mstari. Alikuwa amesoma uchoraji wa mitindo kila Jumamosi kwa miezi minane, katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya shule, yeye mwenye miaka thelathini na tisa akiwa amekaa katikati ya wasichana waliomaliza shule juzi. Mwezi wa kwanza hakuchora nguo hata moja, ilikuwa mayai na mistari tu, mistari na mayai, hadi kidole cha kati kikaota sugu. Kisha mwalimu akawafundisha mwili. Mtu wa kawaida, alisema, ukimpima kwa urefu wa kichwa chake, ana vichwa saba na nusu. Mtu wa mitindo ana vichwa tisa. Hicho kimoja na nusu cha nyongeza kinakwenda chote miguuni, na kiuno kisizidi upana wa kichwa. "Hatuuzi mwili," mwalimu alipenda kusema, "tunauza hamu." Akawafundisha pia satini: kwamba mng'ao haupakwi rangi, mng'ao ni karatasi nyeupe uliyokuwa na busara ya kuiacha.

Picha ya gauni la Kitinda ilikuwa kazi yake ya kufuzu. Kwa mara ya kwanza aliupa mwili wa vichwa tisa uso wa mtu anayemjua: vishimo vya mashavuni, pengo dogo la meno ya mbele. Mwalimu aliibandika mbele ya darasa na watu wakapiga makofi. Nyumbani pia walipiga makofi. Kitinda aliishika kwa mikono miwili na machozi yakamlengalenga. "Wifi," alisema, "kumbe naweza kuwa hivi?" Naye akamjibu bila kufikiri, "Kwani ni nani huyo kama siyo wewe?"

Sasa picha ile ilikuwa imegawanywa kwa mistari ya rula, mistari tisa ya penseli kutoka utosini hadi kisiginoni, kila kichwa na namba yake. Kando ya kiuno kulikuwa na mwandiko mdogo nadhifu wa keshia: Kiuno = kichwa. Chini yake namba zilishuka kama ngazi, moja kwa kila wiki mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Ishirini na saba. Ishirini na tano. Mwisho kabisa, ndani ya duara, ishirini na mbili. Na kando ya miguu: bado.

Mke wa Fundi alisimama hapo akijaribu kuelewa hiyo ishirini na mbili ilitoka wapi. Tepu ilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Aliichukua, akaizungusha kichwani mwake mwenyewe, juu ya nyusi, akaishika kwa kidole na kuishusha kuitazama. Inchi ishirini na mbili.

Akakaa kitandani. Wifi yake hakuwa akikisia. Alikuwa akishona mwili kwa vipimo, na vipimo alivitoa kwenye karatasi ya mtu aliyemwamini.

Chini ya kabati, kwenye boksi la viatu vya harusi, alikuta vipande vya mkate na mayai ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye karatasi za chooni, vingine vimeota ukungu wa kijani. Ndivyo vile Kitinda alivyokuwa akivichukua mezani kila asubuhi huku akisema, "Nitakula kazini, nachelewa."

*

Angeweza kuichana. Alifikiria kuichana, na kwa dakika kadhaa aliificha ndani ya blauzi. Lakini aliporudi karakanani aliiweka mbele ya mumewe, juu ya meza ya kukatia, akaondoa mkasi ili asiwe na pa kukimbizia macho.

Fundi alisoma mistari, akasoma namba. Alipofika kwenye duara aliinua macho, na mkewe akagusa kichwa chake kwa kidole.

"Ni mimi," mkewe alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia huyu ni yeye."

"Wewe ulichora mara moja," Fundi alisema. "Mimi nimepunguza mara tatu. Alisimama hapo, nikamshika kwa mikono hii. Mbavu nilizigusa. Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria mshono."

Jumamosi iliyofuata mke wa Fundi alimpelekea mwalimu picha ile. Mwalimu aliitazama akiwa amesimama, wasichana wengine wakinoa penseli zao.

"Pole sana," alisema. "Lakini mimi nafundisha kuchora nguo. Kila mtu anajua kwamba picha ni picha."

"Mimi sikujua, mwalimu. Nilijua mkono wangu umekuwa mzuri, basi."

Siku ile mwalimu alifundisha viatu, na hakumpigia mtu yeyote makofi.

*

Kitinda alitolewa hospitali baada ya siku kumi na mbili. Tarehe ya harusi ilifutwa na hakuna aliyetaja nyingine. Shangazi alituma ujumbe kwamba wao wana subira, lakini subira ina mipaka. Kijana wa umeme alikuja kila jioni akitoka kazini, akakaa na mchumba wake kwenye ngazi ya uani, wakitazama kuku wa jirani bila maneno mengi.

Muuguzi wa ushauri aliwapa masharti. Wakae naye mezani hadi amalize, hata kama ni saa nzima. Wasimsifie mwili wala wasiukosoe. Na kabla ya kurudi kliniki wampe karatasi, ajichore mwenyewe anavyojiona, waje na hiyo picha.

Mke wa Fundi alimpa karatasi nzuri na penseli laini. Kitinda alichora asubuhi yote, ncha ya ulimi ikichungulia kati ya meno kama mtoto wa shule. Alipomaliza alimkabidhi wifi yake kwa aibu.

"Samahani," alisema. "Karatasi imekuwa ndogo."

Kulikuwa na kichwa kidogo juu, bila shingo. Chini ya kichwa mistari miwili ilifunguka kulia na kushoto, ikapanuka, ikapanuka, hadi ikatoka nje ya karatasi pande zote mbili. Miguu haikuwa na nafasi.

Mke wa Fundi alimtazama usoni kuona kama ni mzaha. Mashavu yale yalikuwa yamebonyea, mifupa ya shingo imesimama kama hanga bila nguo, na macho yalikuwa yakisubiri kwa unyofu kabisa, yakitaka kujua kama amepatia.

"Mume wangu," aliita. "Njoo uone."

Fundi aliona. Alikwenda kuleta gombo la karatasi ya kaki, ile ya kukatia paterni za nguo, akalikunjua sakafuni hadi likafika ukutani, akaweka pasi upande huu na mkasi upande ule lisijikunje.

"Lala hapa, mdogo wangu," alisema. "Kidogo tu."

Kitinda alilala chali na nguo yake nyepesi ya nyumbani. Mke wa Fundi alipiga magoti, akapitisha penseli pembeni mwake, begani, kwapani, ubavuni, nyongani, hadi unyayoni, akapanda upande wa pili. Mstari wake ulikuwa msafi, mstari wa mtu aliyefuzu. Walimsaidia kusimama, wakatazama wote. Sakafuni palikuwa na umbo la mtoto wa darasa la sita.

"Umenipunguza," Kitinda alisema.

"Sijapunguza, wifi. Nimekuzunguka tu. Penseli imekugusa, si umeisikia?"

"Hata ile ulisema ni mimi."

Mke wa Fundi alibaki na penseli hewani. Aliiweka penseli sakafuni, ikabingirika hadi chini ya cherehani.

Fundi naye alichukua chaki ya bluu, akamwomba Kitinda alale tena, akamzunguka. Mstari wa chaki ulilalia ule wa penseli, na pale ulipoachana nao, uliachana kwa unene wa kucha.

"Umemfuata wifi," Kitinda alisema. Hakuwa na hasira. Aliwasemesha kama watu waliopitiwa, ambao haifai kuwaaibisha. "Nyinyi ni wataalamu. Mnaweza kufanya kitu kiwe chochote."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Aliliweka beseni chini, akaingia, akalipindua gombo kupata upande usio na alama, akashika ukingo wa meza na kuteremka goti moja, kisha la pili, huku akiguna.

"Nipeni hicho kijiti," alisema.

Fundi aliinama, akaitoa penseli chini ya cherehani. Mama aliishika kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika mwiko.

"Lala."

Kitinda alilala. Mama alianzia kichwani. Mstari ulitetemeka, ukapanda juu ya sikio, ukarudi. Begani alisimama kupumua. Alipofika mbavuni aliweka penseli kando, akapitisha kiganja juu ya mifupa ile mmoja mmoja, kisha akaishika tena penseli na kuendelea. Nyongani ncha ilivunjika. Alipokea chaki bila kugeuza kichwa. Ilimchukua muda mrefu mno, na muda wote huo hakuna aliyesogea, wala mteja aliyepiga hodi hakuitikiwa.

"Inuka," mama alisema hatimaye.

Umbo lilikuwa limepinda kama barabara ya mlimani. Mguu mmoja haukuwa na vidole. Kichwa kilikuwa kiazi. Lakini kati ya mstari wa kulia na wa kushoto, pale kiunoni, karatasi ilibaki kidogo, kipande tu.

Kitinda aliitazama. Alichuchumaa, akatandaza kiganja chake mahali pale, na kidole gumba kikagusa mstari mmoja na kidole cha mwisho kikakaribia kugusa mwingine. Akakiondoa kiganja. Akakirudisha.

"Mama hajui kuchora," alisema.

"Kaka, mama hajui kuchora," alirudia, na mara hii sauti ilikuwa imekatika katikati. Alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akamkuta mgeni amelala humo, mgonjwa, na hakuna aliyemwambia.

Mama alikuwa bado magotini, chaki mkononi, hana nguvu ya kuinuka.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakufuata wewe tu."